Maslahi ya Mwanajopo: Mwongozo kwa Wanaojaza Nafasi za Juu za Utumishi wa Umma Kenya

Mwongozo huu ni wa watu wanaouliza maswali kwenye mahojiano ya kazi kubwa za umma: wajumbe wa bodi za utumishi wa umma katika kaunti 47, wakurugenzi wa mashirika ya serikali, maafisa wa rasilimali watu na wataalamu wanaoalikwa kusaidia jopo. Mwishoni wapo pia waombaji kazi, ila kwa ufupi. Mzigo mkubwa nimewaachia wanajopo kwa sababu uteuzi mwingi huharibika mikononi mwao, tena kabla mwombaji hata mmoja hajaitwa.

Sheria haikosekani. Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 kinataka watu waajiriwe na wapandishwe vyeo kwa ushindani wa haki na kwa sifa, huku wanawake na wanaume, makabila yote na watu wenye ulemavu wakipewa nafasi ya kutosha. Kifungu cha 73 kinataka kiongozi achaguliwe kwa uadilifu wake, uwezo wake na kufaa kwake, na kinakataza uamuzi unaosukumwa na undugu au upendeleo. Cha 75 kinamtaka afisa wa serikali aepuke mgongano kati ya maslahi yake na kazi aliyopewa; anayeondolewa ofisini kwa kukivunja hapati tena wadhifa mwingine wa dola. Mwezi Julai 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyochukua mahali pa Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 na kuipa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, EACC, jukumu la kuisimamia. Anayempa mtu kazi kwa kutumia mamlaka yake vibaya anaweza pia kushtakiwa chini ya sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003, ambayo adhabu yake hufika kifungo cha miaka 10, faini ya shilingi milioni moja, au vyote viwili.

Kuwa na maslahi si kosa. Mhandisi aliyetumika miaka thelathini katika sekta ya maji ana ndugu humo, ana wanafunzi wake wa zamani, ana wanaomdai na ana mahasimu. Kosa huanza anapoona jina la mmoja wao kwenye orodha, akanyamaza, kisha akaendelea kutoa alama.

Uhusiano upi unahesabika

Damu na ndoa hazina ubishi: mke au mume, mtoto, ndugu, binamu, mpwa, mkwe, shemeji. Fedha nazo ziko wazi ukizitazama kwa makini. Je, mna kampuni pamoja? Mna shamba la pamoja? Mko chama kimoja cha kuweka akiba, na mmoja wenu bado hajamaliza kulipa mkopo? Uliwahi kumdhamini benki? Haya yote yaandikwe.

Kuna uhusiano wa tatu ambao wanajopo wengi huusahau, nao ni fadhila. Mtu aliyekupendekeza ukapata kazi yako ya kwanza, au aliyeongoza kamati ya harusi ya mwanao na kuwachangisha watu, hajakupa hata shilingi ya hongo. Hata hivyo, siku mtoto wake anapoketi mbele yako utahisi deni. Liseme. Ukiwa umekubali kuwa mdhamini wa mwombaji, yaani jina lako limo kwenye wasifu wake kama mtu wa kuulizwa habari zake, huwezi kuwa mwamuzi wake pia. Katika nyanja ndogo za kitaaluma jambo hili hutokea kila mara, na linashangaza jinsi linavyopita bila neno.

Uhasama ni maslahi vilevile. Aliyewahi kukushtaki kwa bodi, aliyekushinda katika kinyang'anyiro cha cheo fulani, mtu mliyeachana vibaya: huyu naye ana haki ya kuhojiwa na watu wasio na kinyongo naye. Upendeleo humwinua mtu mmoja. Chuki humwangusha mmoja. Kwa mwombaji anayeumia, tofauti haipo.

Kipimo kinachofaa ni kile cha mwananchi mwenye akili timamu anayejua habari zote. Angeambiwa jinsi mnavyofahamiana, angekuwa na sababu ya kushuku kwamba huwezi kuamua kwa haki? Kusoma chuo kimoja miaka ishirini iliyopita, au kusalimiana kanisani au msikitini, hakutoshi. Tukiondoa kila anayefahamiana na mwingine hatutapata jopo Kenya nzima. Ila hata uhusiano mdogo wa aina hiyo utaje kwa sentensi moja na uingizwe kwenye kumbukumbu, ili jopo liamue kwamba ni mdogo. Usijiamulie mwenyewe, hiyo ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Tangazo la kazi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae zaidi. Tunapenda kuangalia mahojiano kwa sababu ndiyo sehemu inayoonekana. Tume ya Huduma za Mahakama ilimhoji Willy Mutunga hadharani mwaka 2011, na mahojiano ya 2021 yaliyomfikisha Martha Koome kwenye kiti cha Jaji Mkuu yalionyeshwa moja kwa moja kwenye runinga. Ni utaratibu mzuri na bodi nyingine ziuige. Lakini kamera haionyeshi siku ile sifa za kazi zilipoandikwa, wala mchana ule majina ya waombaji yalipochujwa yakabaki matano. Anayetaka kumwingiza mtu wake hahitaji kuvuruga mahojiano. Anahitaji sharti moja tu kwenye tangazo.

Sharti la namna hiyo lina sura yake. Ni mchanganyiko wa sifa usio wa kawaida: shahada ya fani hii, pamoja na cheti cha fani ile, pamoja na uzoefu wa miaka kumi ambao mitano kati yake lazima iwe katika shirika la aina fulani. Ukiuliza kwa nini mitano na si mitatu, unajibiwa kwamba ndivyo ilivyopendekezwa. Wakati mwingine sharti hulegezwa badala ya kukazwa: nafasi iliyokuwa ikidai shahada ya uzamili kwa miaka yote, ghafla inadai ya kwanza tu, kwa tangazo hili peke yake.

Dawa yake ni ya makaratasi. Kabla tangazo halijatoka, afisa wa rasilimali watu aandike kando ya kila sharti ni jukumu gani la kazi linalolihitaji. Sharti lisilo na jukumu liondolewe. Kisha jopo lijiulize swali la pili: sharti hili linawafungia nje akina nani, na je, kuna mtu tunayemjua ambaye karibu ni yeye peke yake anayelitimiza? Karatasi hiyo ibaki kwenye faili. Walioandika sifa za kazi nao wajaze fomu ya tamko la maslahi kama wanajopo wenyewe. Bodi nyingi hudai fomu hiyo siku ya mahojiano pekee, wakati mambo yamekwisha.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka nafasi itangazwe kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo. Tangazo lililobandikwa ukutani kwa siku chache halitimizi hilo. Na kilichotangazwa kisibadilike njiani. Katika uteuzi wa mawaziri wasaidizi, wale waitwao CAS, wananchi walikuwa wameshirikishwa kuhusu nafasi 23, lakini walioteuliwa wakawa 50. Julai 2023 Mahakama Kuu ilibatilisha uteuzi huo, majaji wawili kati ya watatu wakikubaliana. Mnapoona haja ya kubadilisha idadi au sifa baada ya tangazo, futeni, tangazeni upya, na wote waombe upya.

Kaimu anapoitaka kazi

Hali ngumu kuliko zote ni ya kaimu. Mkurugenzi mkuu ameondoka, naibu wake anakaimu, na sasa naibu anaiomba kazi. Ana haki hiyo, na pengine ndiye anayefaa kuliko wote. Taabu ni kwamba yeye ndiye mkubwa wa afisa wa rasilimali watu anayepokea maombi. Ndiye anayeidhinisha malipo ya wanajopo na anayetia saini barua za mwaliko. Katibu wa bodi anayeandika kumbukumbu za jopo hufanyiwa tathmini ya kazi na huyohuyo. Hata kama hakuna aliyefanya hila, waombaji wengine wanne wana kila sababu ya kujiuliza maswali.

Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inaweka ukomo: kukaimu kusizidi miezi sita. Ukomo huo una maana yake. Kaimu anayeongezewa muda mara baada ya mara hukusanya uzoefu ambao baadaye unaandikwa kwenye tangazo kama sharti. Bodi inayoacha hali hiyo iendelee imekwisha kufanya uamuzi bila ushindani wowote, nami naona hilo ni kosa la bodi hata kama kaimu ni mchapakazi.

Mara kaimu anapoonyesha nia ya kuomba, atoe barua. Kuanzia siku hiyo asihudhurie kikao chochote cha bodi kinachogusa uajiri huo, asiidhinishe bajeti yake, wala asiwe na njia ya kuingia kwenye mtandao yanakopokelewa maombi. Kazi ya ukatibu wa jopo ipelekwe nje ya ofisi. Bodi inaweza kuomba taasisi nyingine ya umma iwaazime maafisa. Tume ya Utumishi wa Umma yenyewe ikiombwa mtaalamu wa kukaa kwenye jopo, mizani husawazika zaidi. Mjumbe wa bodi anayeitaka nafasi hiyo naye ajiuzulu kabla sifa hazijaandikwa. Akisubiri hadi tangazo litoke, atakuwa ameshiriki kulitunga.

Kampuni za ushauri zinazokodiwa kuchuja majina zisisahaulike. Ziulizwe kwa maandishi kama zina mkataba mwingine na taasisi, na kama yeyote kati ya waombaji amewahi kuwa mfanyakazi au mshirika wao.

Kutangaza na kujiondoa

Tamko litolewe mara tatu: unapoteuliwa kwenye jopo, unapoonyeshwa majina ya waombaji wote, na unapopewa orodha ya waliochaguliwa kuhojiwa. Mara moja haitoshi, kwa sababu siku ya kwanza hujui nani ataomba.

Tamko lenye maneno "namfahamu mmoja wa waombaji" halina faida. Andika hivi: "Mwombaji namba 14 ni mtoto wa dada yangu, na nilimlipia karo ya chuo kikuu. Sina uhusiano na waombaji wengine walio kwenye orodha niliyoonyeshwa leo. Naomba kuondoka kwenye jopo kwa uajiri huu wote, na nimerudisha nyaraka zote nilizopewa." Ndugu ametajwa, fedha zimetajwa, ombi limetajwa. Mwenyekiti akisoma anajua la kufanya.

Maneno "kwa uajiri huu wote" yana uzito. Desturi iliyoenea ni mwanajopo kutoka nje mpwa wake anapohojiwa, kisha akarudi kuwahoji wengine. Inaonekana ni uungwana, kumbe haizuii chochote. Aliyetoka anaweza kumsaidia mpwa wake bila kumpa alama hata moja: anawapunguzia washindani wake. Tena ameona maswali mapema. Palipo na undugu wa karibu, ndoa, fedha au uhasama, mwanajopo aondoke mwanzo hadi mwisho, na asipewe hata muhtasari wa majadiliano kwenye chai. Kutoka nje kwa mahojiano ya mtu mmoja kubaki kwa ufahamiano mwepesi, pale jopo lilipokubaliana hivyo na kuandika sababu.

Wenyeviti hulalamika kwamba wakiondoka wawili, akidi inavunjika. Basi mwanzoni kabisa teueni wajumbe wa akiba, nao wajaze matamko yao. Uhaba wa watu usigeuzwe kisingizio cha kumbakiza mwenye maslahi.

Na mwenyekiti akikataa tamko lako, akakwambia "kaa tu, tunakuamini"? Sisitiza liingie kwenye kumbukumbu, kisha uondoke. Kuaminiwa na wenzako hakumlindi mwombaji uliyemnyima alama, wala hakukulindi wewe mahakamani. Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Kiutawala ya 2015 inairuhusu mahakama kupitia uamuzi ambao mtoaji wake alikuwa na upendeleo au alishukiwa kwa sababu za msingi kuwa nao.

Simu kutoka juu

Wengi watakaosoma mwongozo huu wanajua simu hii. Anayepiga hasemi "mpe kazi." Anasema, "Yule kijana ni mtu wetu, mwangalieni." Huenda ni mwanasiasa, huenda ni msaidizi wa mkubwa fulani ambaye mkubwa mwenyewe hana habari naye.

Jibu fupi kwa adabu kwamba huwezi kuzungumzia waombaji, na ukate. Kisha andika papo hapo: tarehe, saa, aliyepiga, maneno aliyotumia. Mpe mwenyekiti nakala siku hiyo hiyo. Mwenyekiti ndiye aliyepigiwa? Asome maelezo yake mbele ya jopo zima kabla mahojiano hayajaanza. Simu iliyosomwa mbele ya watu saba hupoteza nguvu zake nyingi, na wapigaji hujifunza upesi ni bodi gani husoma simu zao hadharani.

Najua ushauri huu ni rahisi kuuandika na mgumu kuufuata, hasa kwa afisa mdogo mwenye mkopo wa nyumba. Kwa hiyo ajue kinga yake. Kifungu cha 236 cha Katiba kinakataza afisa wa umma kuonewa kwa kutekeleza kazi yake kulingana na Katiba, na hawezi kufutwa au kushushwa cheo bila utaratibu wa haki. Wajumbe wa bodi za kaunti wana kinga kubwa zaidi. Gavana huwateua kwa idhini ya bunge la kaunti, lakini muhula wao ni wa miaka sita usioweza kuongezwa, na kuwaondoa kunahitaji sababu za kikatiba na kura za angalau asilimia 75 ya wajumbe wote wa bunge hilo. Hawana muhula wa pili wa kuomba kwa gavana. Bunge lilipoweka masharti hayo lilitaka bodi iweze kusema hapana, na bodi isiyowahi kusema hapana inawanyima wananchi kitu walichokwisha kupewa kisheria.

Alama, faili na swali la uadilifu

Kila mwanajopo atoe alama zake kwa wino, mara mwombaji anapotoka, kabla ya mazungumzo yoyote. Mtu akibadilisha alama baada ya majadiliano, aliyoiandika kwanza isomeke na sababu iandikwe kando. Fomu za alama zikusanywe kabla ya chakula cha mchana, si jioni. Kifungu cha 68 cha sheria ya kaunti kinataka bodi itunze kumbukumbu za maombi yote iliyopokea, si ya washindi pekee.

Swali la uadilifu liulizwe na jibu liandikwe. Uteuzi wa Mumo Matemu kuongoza EACC ulibatilishwa na Mahakama Kuu Septemba 2012, Mahakama ya Rufaa ikaugeuza uamuzi huo Julai 2013. Karibu mwaka mzima tume mpya ilikaa katika mzozo, na kiini chake kilikuwa kama waliomteua walichunguza ipasavyo tuhuma zilizotajwa dhidi yake. Jopo lenye faili inayoonyesha tuhuma ilisikika, ikachunguzwa hivi, mwombaji akajibu vile, lina cha kupeleka kortini. Vyeti navyo vithibitishwe na waliovitoa: ukaguzi wa Tume ya Utumishi wa Umma uliotangazwa Februari 2024 uligundua vyeti 2,067 vya kughushi kwa watumishi walioajiriwa tayari.

Aliyepata kazi ana wajibu wake pia. Kabla ya kuapishwa au kuripoti, ataje kampuni zake, hisa zake na za mwenzi wake, na zabuni ambazo jamaa zake wanazo na taasisi. Kifungu cha 77 cha Katiba kinamkataza afisa wa serikali wa muda wote kushika ajira nyingine ya kumpa kipato, na hakuna "nitaacha polepole" ndani yake.

Kwa mwombaji

Usimpigie mwanajopo simu, hata ya salamu. Ukiona ndugu yako au hasimu wako kwenye jopo, sema kabla ya swali la kwanza. Ukinyamaza hadi matokeo, mahakama itakuuliza ulikuwa wapi. Ukikosa kazi na una shaka, omba alama zako na vigezo kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Taasisi ina siku 21 kukujibu. Uamuzi wa kaunti unaweza kukatiwa rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90, na mlango wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi uko wazi. Kwa nafasi zinazoidhinishwa na Bunge, kama za mawaziri na makatibu wa wizara, mwananchi yeyote mwenye ushahidi dhidi ya mteuliwa anaweza kumpelekea Karani wa Bunge hati ya kiapo kabla ya siku ya kuhojiwa. Iandike kwa matukio, tarehe na nyaraka. Minong'ono haitafika popote.

Nawe mwanajopo ambaye bodi yako ina nafasi ya kujaza mwezi huu, mwombe katibu fomu ya tamko leo. Asipokuwa nayo, andika lako kwenye karatasi tupu, tia saini na tarehe, mkabidhi mwenyekiti, na ubaki na nakala.